Je, okestra inaweza kuwapatanisha waliogombana?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Nilisikia redioni kwamba ipo okestra ambamo Waisraeli na Waarabu hupiga muziki pamoja, ilhali kwao kuna vita. Kijijini kwetu wakulima na wafugaji hawaelewani tangu ng'ombe walipoingia katika mashamba ya mtama, na sasa hata vijana wao hawakai benchi moja. Nafikiria kuanzisha kikundi cha muziki cha pande zote mbili. Je, okestra hiyo ni ya kweli, na imeleta amani?

JIBU: Ni ya kweli, Mwalimu. Inaitwa West-Eastern Divan, nayo ilianza mwaka 1999 katika mji wa Weimar, Ujerumani, kwa juhudi za Daniel Barenboim, mpiga piano na kondakta Mwisraeli aliyezaliwa Argentina, pamoja na Edward Said, Mpalestina mzaliwa wa Jerusalem aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Jina lake limetoka katika diwani ya Goethe, mshairi aliyeishi Weimar, ambaye alivutiwa na mashairi ya Hafidh wa Uajemi hata akatunga ya kwake. Sisi tuliokulia katika diwani za Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo.

Amani haijaleta, na waanzilishi wake hawakuahidi kuileta. Barenboim amekuwa akieleza kwamba mradi huo unapambana na hali ya watu kutojuana. Husimulia habari za kijana wa Syria ambaye hakuwahi kukutana na Mwisraeli yeyote, akajikuta amekaa pamoja na Mwisraeli, wote wapiga selo (ala ya nyuzi kama fidla kubwa, inayopigwa kwa upinde), wakisoma nota kutoka stendi moja. Kwa muda huo walitakiwa kutoa sauti ileile, kwa nguvu ileile, kwa mwendo uleule wa upinde, na mtu hawezi kufanya hivyo bila kumsikiliza jirani yake kwa makini. Hakuna aliyewataka wapendane, wala wakubaliane juu ya historia ya nchi zao.

Said naye alieleza kisa kilichotokea vijana hao walipokutana mara ya kwanza Weimar. Kijana mmoja Mwarabu alishikilia kwamba muziki wa Kiarabu hauwezi kupigwa na asiye Mwarabu, naye akaulizwa ni nani basi aliyempa yeye ruhusa ya kupiga muziki wa Beethoven, mtunzi Mjerumani, kwani yeye si Mjerumani. Siku chache baadaye kijana yuleyule alionekana akimfundisha Yo-Yo Ma, bingwa wa selo mwenye asili ya Kichina, namna ya kutega nyuzi zake ili zifuate ngazi ya sauti za Kiarabu. Kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko tamasha lolote la okestra hiyo, kwa sababu aliyekuwa akifunga mlango ndiye aliyegeuka kuwa mwalimu.

Yapo pia mambo magumu ambayo redio huenda haikuyataja. Baadhi ya nchi za Kiarabu zinawakataza raia wake kushirikiana na Waisraeli, hivyo kujiunga kwenyewe ni hatari kwa wengine. Tangu mwaka 2002 vijana hao wamekuwa na makao Seville, Hispania, mbali na pande zote mbili. Walipokwenda kupiga Ramallah, mji wa Wapalestina, mwezi Agosti 2005, Hispania ililazimika kuwapa pasipoti za kidiplomasia ili wafike. Wapo Wapalestina wanaoisusia okestra hiyo kwa hoja kwamba inaonyesha usawa jukwaani wakati nje ya ukumbi usawa huo haupo. Hoja hiyo ina uzito, nawe itakufikia: kikundi chako hakitachora mpaka wa malisho. Kazi hiyo ni ya mkutano mkuu wa kijiji, na ya baraza la ardhi la kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo kwa sadfa ni ya mwaka huohuo wa 1999.

Ukiendelea na nia yako, zungumza kwanza na wazazi wa pande zote, kisha tafuta mahali pa mazoezi ambapo hakuna upande utakaojiona mgeni. Wachague vijana kwa uwezo wao, badala ya kuhesabu wangapi wametoka wapi. Nakushauri pia usianze na wimbo wa kuhimiza amani, maana kila mmoja atausikia kama unamsema mwenzake. Chagua kazi iliyo ngumu kwa wote. Ikiwa wafugaji wenu ni Wamasai (Mgogo naye ni mfugaji, kwa hiyo sitaki kukisia), wanao uimbaji wa sauti nzito za kooni usiohitaji ala, nanyi mna zeze, marimba na filimbi. Mkabidhi kijana wa mfugaji zeze, kisha mtake kijana wa mkulima ajifunze kuitikia kwa zile sauti za chini.

Miezi ya kwanza usiwaalike viongozi wala wapiga picha. Zeze mbili zikishategwa zikapatana, waache vijana waamue wenyewe kama wako tayari kusikilizwa.