Tukienda kuwaona watoto, tubebe nini?

SWALI: Chama chetu cha watu 25 hapa Nyalenda, Kisumu, kimechanga pesa za kutembelea makao yenye watoto 40, wa miaka 4 hadi 16. Tunapanga kwenda Desemba. Wengine wanataka mikate na soda, wengine gunia la mahindi. Tushike lipi? – Katibu wa chama

JIBU: Ndugu katibu, kabla ya kununua chochote, tumeni watu wawili wakazungumze na msimamizi wa makao, kisha na mpishi. Mpishi ndiye ajuaye stoo imepungukiwa nini. Kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, hakikisheni makao yamesajiliwa.

Desemba wageni hufuatana na mikate huota ukungu kabatini. Shule zikifunguliwa Januari, wageni hawaonekani. Pelekeni nusu ya vitu sasa na nusu mwishoni mwa Januari.

Chakula kipigieni hesabu. Mkichanganya wadogo na wakubwa, wekeni gramu 150 za unga kwa kila mtoto: kilo 6 kwa ugali wa mara moja. Gunia la kilo 90 lililosagwa bila kukobolewa litapika mara 14 au 15. Maharagwe, gramu 75 kwa mtoto, ni kilo 3, yaani gorogoro moja na nusu. Ulizeni kama ni ya msimu huu, maana yaliyokaa sana hayaivi upesi na humaliza kuni za makao.

Mahindi msiyanunue kwa kuyatazama tu. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mtie mahindi hadi thuluthi yake, mwongeze vijiko viwili vya chumvi kavu, mfunike na kutikisa vizuri. Iacheni robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji. Yakiwekwa gunia juu ya gunia yatapata ukungu, na ukungu huo waweza kuleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwachieni mwenye duka.

Huku kando ya ziwa malaria haina likizo, kwa hiyo neti zilizotiwa dawa ni zawadi kubwa. Neti mpya ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kufungwa kitandani, isije ikawasha ngozi na macho. Jua kali huidhoofisha dawa. Chupi ziwe mpya, si za mitumba. Sodo mkabidhini mlezi wa kike, msizigawe uwanjani mbele ya wavulana.

Siku yenyewe waende watu 10, si wote 25. Bebeni mpira na kamba ya katani ya mita 6, mcheze nao, mkawasaidie pia kuosha vyombo. Msiwapange mstari waimbe ndipo wapewe. Na wale wadogo wanaomganda mgeni mkono, msiwaambie “tutarudi” kama hamna tarehe: watakaa langoni wakisubiri.

SWALI: Je, tunaweza kuwapiga picha tuwaonyeshe waliochanga?

JIBU: Pigeni picha za magunia na risiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Tena mtoto huyo ana wenzake darasani; picha ikizunguka kwenye WhatsApp, Jumatatu ataulizwa kwa nini anaombewa chakula.