Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo kozi ya familia

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa zamu. Unauliza kama uache uhasibu ukasome makuzi ya binadamu na familia, na baba yako mdogo ameshakuambia hiyo ni shahada ya kufundishwa kulea watoto, kazi ambayo bibi yako aliifanya bila cheti. Baba yako mdogo niachie mimi. Kilichonisumbua ni sababu uliyoitoa wewe: unapenda watoto. Hiyo haitoshi, mama.

Nikueleze ninachokiona hapa kliniki. Msimu wa kilimo, Januari hivi, anakuja mama na mtoto wa mwaka na ushee. Tunampima, tunaweka nukta kwenye kadi, na ule mstari uliokuwa unapanda umelala. Namwambia kama tulivyofundishwa: mpe yai, mpe maharage, uji uwe mzito. Anaitikia, "Haya, nesi." Mwezi unaofuata mstari uko palepale. Nikikaa naye kwenye benchi nikauliza taratibu, ndipo yanatoka: alfajiri anakwenda shamba la uwele, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, mume yuko Dar anabeba mizigo, na kuku wote pale nyumbani ni wa mama mkwe. Sasa yai litoke wapi? Mizani yangu haiulizi hayo. Kozi yako ndiyo inayauliza.

Zile notisi ulizoniachia nimezipitia. Huyo mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner sikuhangaika naye, anachosema nakiona kila siku: mtoto yuko ndani ya nyumba, nyumba ndani ya kijiji, kijiji chini ya sheria na uchumi wa nchi, na vyote vinamfikia. Aliyenishangaza ni mwenzake, Mary Ainsworth. Nilidhani haya mambo yote yalianzia Ulaya na Marekani, kumbe utafiti wake wa jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi aliuanzia Uganda miaka ya 1950, akiwafuata akina mama wa Kiganda majumbani mwao. Majumbani, siyo kliniki! Erik Erikson naye, yule wa hatua za makuzi ya mtu, anakwenda mpaka uzeeni, kwa hiyo usitegemee kushinda na vichanga. Utasoma ndoa, talaka, wazee, na takwimu nyingi tu. Hapo angalau uhasibu umeshakuzoesha.

Ajira sasa. Matangazo ya kazi za serikali hutaja shahada kwa jina. Kabla hujahama, fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, usome sifa wanazotaka, ulinganishe na jina litakaloandikwa kwenye cheti chako. Huku kwetu fani hii imetawanyika: kuna sosholojia, saikolojia, elimu ya awali, na ustawi wa jamii ambao una taasisi yake kabisa pale Kijitonyama, Dar. Bodi ya Mikopo nayo uiulize mapema, usije ukahama kozi halafu fedha zikakwama. Kazi zenyewe zipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa afisa ustawi wa jamii majukumu mengi, na programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali iliyozinduliwa Desemba 2021 inahusu watoto mpaka miaka 8. Ila kazi kuwepo na wewe kuajiriwa ni mambo mawili, unalijua hilo.

Mimi nasema hama, kama uko tayari kumsikiliza mama mkwe mwenye kuku bila kumchukia. Maana naye ana yake. Pengine hao kuku ndio dawa yake na ada ya wajukuu.

Na wakati wa mafunzo kwa vitendo ukifika, usiombe kuja hapa Chamwino. Watakuita mtoto wa nesi na hawatakuambia kitu. Omba wilaya nyingine, Kongwa au Mpwapwa.

Mama yako