Mikuku Miwili: Chonga Kingo Kabla ya Kufikiria Kuirefusha

Wenye mashua za mikuku miwili, yaani mapezi mawili chini ya chombo yanayokizuia kisisukumwe pembeni, wengi wana kilio kimoja: chombo hakipandi joshi, upande upepo unakotoka. Ukipiga bisho, yaani ukienda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, omo (mbele ya chombo) inaelekea unakotaka, lakini chombo chenyewe kinasukumwa pembeni, na kila ukigeuza tanga unajikuta karibu palepale. Kilio hicho kilikuwa changu pia, na ushauri niliopewa mara nyingi ulikuwa kuirefusha mikuku. Sikuukubali, na ninakusihi nawe usiukubali kabla hujaangalia kingo.

Mikuku hii ina kazi yake. Inakiwezesha chombo kupita kwenye maji machache, na maji yakipwa kinakaa wima bila kuegemezwa magogo. Ukiirefusha unapunguza faida hiyo, na kila kinapotua kimeinama kidogo, maungio ya mkuku na bodi yanabeba mzigo mkubwa zaidi.

Sasa pitisha kiganja kwenye mkuku wenyewe. Mingi ya chuma iko bapa mbele na nene nyuma, kama kipande cha ubao. Maji hayateremki vizuri juu ya umbo hilo. Yanaachia mapema na kuzua vurugu nyuma yake. Na kwa kuwa mikuku ni miwili, hasara nayo ni mara mbili.

Kazi inaanza na kutu. Isugue hadi chuma king'ae, kisha paka epoksi (gundi ya kemikali inayoganda ngumu) siku hiyohiyo. Kata kigezo cha plaiwudi, uujaze mkuku kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, na uchonge mpaka ukingo wa mbele uwe mviringo laini, unene mkubwa uwe kama theluthi ya njia kutoka mbele, halafu upungue taratibu kwenda nyuma. Ukingo wa nyuma uache na milimita chache, ukatwe mraba. Ukiunoa kama kisu utamegeka mara ya kwanza ukigusa mwamba. Ukiuviringa, mkuku unaweza kuvuma chombo kikishika kasi. Funika yote kwa kitambaa cha faibaglasi. Tumia kigezo kilekile pande zote mbili, tafadhali! Nyayo za mikuku usiziguse, maana ndizo zinazobeba uzito.

Pembe za mikuku pia ziache. Mara nyingi ncha za mbele zimekaribiana kidogo kwa makusudi, ili mkuku wa demani (upande upepo unakoelekea) uvute chombo kuelekea joshi. Ila kagua maungio: ukiona ufa hapo, ushughulikie kwanza.

Baada ya kazi hii mashua yangu inashika joshi vizuri zaidi, na usukani umekuwa mwepesi. Haitaifikia yenye mkuku mmoja mrefu. Ukitaka kupima yako, linganisha dira na njia inayoonyeshwa na GPS mahali pasipo mkondo, kabla na baada, kwa upepo uleule. Tanga likiwa limelegea kwa uzee, badilisha hilo kwanza. Na kila ukipandisha chombo, kwangua nyuso za ndani, kati ya mikuku, ambako chaza hujificha kwa sababu brashi haifiki kwa urahisi.