Maswali ya Wasomaji: Nini hulizuia gari la NASCAR lisipae?

SWALI: Nilitazama kwenye televisheni mbio za NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, katika njia ya Daytona. Gari liliserereka, likageuka nyuma mbele, halafu likainuka kama karatasi. Kitu cha tani moja na nusu kinapaaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Linapokwenda mbele, umbo lake linaligandamiza chini. Splita ya mbele, yaani ubao bapa ulio chini ya bampa, inakaribia kugusa lami, hivyo hewa kidogo tu inapita chini, na spoila iliyo juu ya buti inaongeza mkandamizo wa nyuma. Ligeuze nyuma mbele na mpango wote unavurugika. Hewa inaingia kwa wingi chini ya bampa ya nyuma, inafika mbele na kukuta splita imeziba njia. Shinikizo chini ya gari linapanda. Wakati huohuo hewa ya juu inapanda buti na kioo cha nyuma, inaongeza kasi ikivuka paa, na shinikizo la pale juu linashuka. Chini panasukuma, juu panavuta.

Piga hesabu. Kwenye kilomita 320 kwa saa, upepo una nguvu ya takriban kilo 490 kwa kila mita ya mraba. Gari la sasa la NASCAR lina urefu wa mita 4.9 na upana wa mita 2, yaani karibu mita za mraba 9.8 ukilitazama kutoka juu. Likiwa na dereva na mafuta lina kilo 1,550 hivi. Basi tofauti ya shinikizo kati ya chini na juu ikifika theluthi moja tu ya nguvu ile ya upepo, matairi yanaachana na lami. Kwenye kilomita 240 ingehitajika zaidi ya nusu, kwa sababu nguvu ya hewa hufuata mraba wa kasi. Ndiyo maana ajali za aina hii huonekana zaidi Daytona na Talladega, njia ndefu zilizoinamishwa kwenye kona kwa digrii 31 na 33, ambako dereva haondoi mguu kwenye mafuta.

SWALI: Vile vibati vinavyofunguka juu ya paa gari likizunguka vinafanya kazi gani? Dereva ndiye anayevifungua? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dereva hahusiki, wala hakuna kompyuta. Ni vifuniko viwili vilivyolazwa ndani ya vishimo kwenye sehemu ya nyuma ya paa, na bawaba zake ziko upande wa mbele. Gari likienda mbele, upepo unavibana. Likigeuka, upepo unatokea upande usio na bawaba, shinikizo dogo lililo juu ya paa linavivuta, navyo vinasimama. Kamba fupi huvizuia visipitilize na kung'oka.

Havikuwekwa sambamba. Kimoja kimepangwa kwa digrii 140 kutoka mstari wa kati wa gari, kwa kuwa gari linalozunguka hupita pembe hiyo kabla ya kufika 180, yaani kabla ya kugeuka nyuma mbele kabisa. Hicho hufunguka kwanza. Hewa yenye shinikizo huingia kwenye kishimo chake, hupita kwenye mrija na kukisukuma cha pili, ili gari likiendelea kuzunguka kiwe tayari kimesimama.

Wengi hudhani vifuniko hivi vinalisukuma gari chini. Sivyo hasa. Kazi yake ni kuharibu mtiririko laini wa hewa juu ya paa, ule unaonyonya gari kwenda juu. Vilianza kulazimishwa mwaka 1994, baada ya dereva Rusty Wallace kupinduka vibaya mara mbili mwaka 1993, Daytona na Talladega.

Fundi anayeviandaa aangalie mambo machache. Rangi au vumbi kwenye bawaba hukifanya kifuniko kichelewe, na gari linalozunguka halina sekunde ya kukisubiri. Stika inayofunika mwili mzima wa gari lazima ikatwe kufuata kingo zote za kifuniko. Ikipita juu ya ufa, imekifunga. Kishimo nacho kizibwe kisipokee hewa ya ndani ya gari, la sivyo kifuniko kitachezacheza gari likiwa linakwenda mbele.

SWALI: Kama vifuniko vipo tangu 1994, mbona magari bado yanapinduka? – Msomaji, Dubai

JIBU: Kwa sababu vinafanya kazi vizuri pale matairi yakiwa bado chini na hakuna kingine kinacholinyanyua gari. Likigongwa na jingine likainuka ubavu, hewa imeshapata njia chini na paa si tatizo tena. Nyasi nazo ni mbaya: tairi linazama, ukingo wa chini wa gari unachimba udongo, na ule mwendo wa kuteleza unageuka kuwa wa kubingirika. Agosti 2023 gari la Ryan Preece lilitoka kwenye lami ya Daytona likaingia kwenye nyasi na kubingirika mara nyingi. Baadaye sehemu ya nyasi hizo ilifunikwa kwa lami. Kwa maoni yetu hatua hiyo ina thamani kuliko kibati chochote cha ziada.

Agosti 2024, dereva Corey LaJoie alipopinduka katika njia ya Michigan, NASCAR iliamuru pezi, yaani kibati chembamba kilichosimama, liongezwe upande wa kulia wa kioo cha nyuma kwa mbio za Daytona zilizofuata. Katika mbio hizohizo gari la Josh Berry lilipinduka. Pezi hupandisha kasi ambayo gari huanza kunyanyuka; halifuti hatari.

Njia ya uhakika zaidi ni kupunguza mwendo, nayo ina gharama yake. Mwaka 1987 dereva Bill Elliott alipata nafasi ya kuanza mbele ya wote Talladega, baada ya kukimbia mzunguko wa kufuzu kwa wastani wa kilomita 342 kwa saa. Katika mbio hizo tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likainuka kinyumenyume na kurarua uzio wa watazamaji, watu wakaumia. Kuanzia 1988 injini za njia hizo mbili zilibanwa pumzi kwa sahani yenye matundu manne chini ya kabureta. Kasi ilishuka, lakini magari yote yakawa na nguvu karibu sawa, yakaanza kukimbia yamebanana, na kosa la dereva mmoja likawa linabeba magari kumi na tano.

SWALI: Nina Subaru. Nikiweka vifuniko vya paa vitanisaidia barabarani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Kwenye kilomita 120 kwa saa upepo una kilo 70 tu hivi kwa mita ya mraba. Hata ungelisukuma gari lako lote kutoka chini kwa nguvu hiyo kamili, haufikishi nusu ya uzito wake. Gari la barabarani hupinduliwa na ukingo wa lami, mtaro au tairi lililopasuka, na mzigo mzito kwenye keria ya paa huzidisha hatari. Pesa ya vifuniko nunulia matairi.