Kura 70 kati ya watu 412: mgomo umepita au haujapita?

SWALI: Shikamoo wakili. Nafanya kazi kwenye shamba la mkonge huku Muheza, upande wa korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Tuko wafanyakazi 412, na wanachama wa chama cha wafanyakazi ni 260. Tunadai nyongeza ya mshahara. CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tulishakwenda, siku 30 zikaisha bila suluhu. Jumamosi tukapiga kura ya mgomo. Walijitokeza wanachama 131: ndiyo 70, hapana 61. Katibu wa tawi anasema imepita. Mimi nilipiga hapana. Hivi watu 70 wanawaamuliaje watu 412, na hiyo nayo tuiite demokrasia? Na siku ya mgomo nikienda kazini nitakuwa nimevunja sheria?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Katibu wako yuko sahihi. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka kura ipigwe kwa kufuata katiba ya chama, na wengi wa waliopiga kura wawe wameunga mkono mgomo. Ni waliopiga kura tu. Waliobaki kambini wakifua nguo hawahesabiwi upande wowote. Kwa hiyo 70 kwa 61 imepita, labda katiba ya chama chenu iwe imeweka kiwango kikubwa zaidi cha kura. Iombe uisome. Baada ya hapo mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Shukuru pia kwamba mnadai nyongeza. Mngekuwa mnadai malipo ya saa za ziada mlizofanya kazi bila kulipwa, hata kura 412 kwa sifuri zisingewapa mgomo halali. Hilo sheria inaliita lalamiko, yaani dai la haki mliyokwisha kuwa nayo, na lalamiko lina njia yake ya kuamuliwa, haligomewi. Watu wengi hapa Tanga huteleza hapohapo.

Sasa hiyo demokrasia. Hesabu yako ni kweli: 70 kati ya 412 ni kama asilimia 17. Hujawa wa kwanza kukereka. Uingereza walitunga sheria mwaka 2016 kwamba kura ya mgomo haihesabiki mpaka angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wawe wamepiga. Inasikika vizuri, sivyo? Tuipime kwenye shamba lenu. Nusu ya 260 ni 130, na mlijitokeza 131. Mmevuka kwa mtu mmoja. Sasa fikiria wewe na jirani yako mmoja, wote wa hapana, mngelala nyumbani Jumamosi ile: wapigakura wangekuwa 129 na mgomo ungekufa. Mlikwenda kuupinga, mkauvusha. Kanuni inayomfanya mpinzani apate zaidi akilala kuliko akipiga kura, mimi siwezi kuiita dawa.

Ujerumani, chama cha wafanyakazi wa vyuma cha IG Metall kimejiwekea kwenye katiba yake asilimia 75 ya wanachama wanaohusika ndipo mgomo uanze. Lakini makubaliano yakifikiwa, asilimia 25 wakiyakubali, mgomo unakwisha. Yaani robo inawarudisha robo tatu kazini. Wenyewe wana sababu: mgomo ulioanza na watu nusunusu huvunjika wiki ya pili, na kiwanda kinajua. Hiyo ni hesabu ya nguvu zaidi kuliko ya haki, na sioni ubaya, ili mradi isemwe hivyo.

Kwangu mimi, uzito uko kabla ya kuhesabu. Kwanza swali lenyewe. Mliulizwa "tugome au tusigome", basi. Katika zile hapana 61, wangapi wameridhika na alichotoa mwajiri, na wangapi walitaka turudi mezani kwanza? Hao ni watu wa aina mbili waliotiwa kapu moja. Vivyo hivyo kwenye ndiyo 70: yuko wa kugoma siku mbili kumtisha bosi, na yuko wa kugoma mpaka kieleweke. Mtunga swali amekwisha amua nusu ya jibu.

Pili, siri. Niliwahi kuitwa kushuhudia kura kwenye shamba jingine. Karatasi zilikuwa zimekatwa kutoka kwenye orodha za mahudhurio za zamani, upande mmoja mweupe, upande wa pili vipande vya majina na namba za kazi. Hazikuwa na hila yoyote, karatasi tu zilikosekana. Lakini nilimwona mama mmoja wa brashi, wanakosafishia nyuzi, akigeuza yake mara tatu, akaikunja ndogo kama hirizi, akaenda nayo nyumbani. Sanduku lilipofunguliwa, kura zilipungua kumi na moja. Wengi waliopatikana pale walikuwa wengi wa wasioogopa.

Kuhusu kwenda kazini: nenda, hujavunja sheria. Kura ile imewapa wenzako kinga ya kugoma bila kufukuzwa, haijakulazimisha wewe. Sheria yetu imekataza hata wagomaji kujipanga getini kuzuia wanaoingia. Mgomaji naye mwajiri halazimiki kumlipa siku hizo, hivyo hao 70 wameweka mfuko wao rehani, wako haujaguswa. Ila ujue, chama chenu kikiwa ndicho kinachotambuliwa na mwajiri, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, utakaosainiwa utakuhusu na wewe, pamoja na wale 152 wasio wanachama. Nyongeza ikija, mtaipokea.

Kama una shaka na utaratibu, iseme kabla saa 48 hazijaisha. Mwombe katibu, kwa maandishi na kwa adabu, akuonyeshe kifungu cha katiba, daftari la wanachama na karatasi ya matokeo iliyosainiwa na wahesabuji wa pande zote mbili. Na mkiwa 61, hamko wachache wa kupuuzwa: soma katiba hiyohiyo uone wanachama wangapi wanatosha kuitisha mkutano wa tawi.