Mafuta ya majani ya kungumanga si mabaki ya kokwa

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amenunua mafuta ya majani ya kungumanga, kayanusa, hakuona ule utamu wa mafuta ya kokwa aliouzoea, na sasa anataka kuyarudisha akiamini amepunjwa. Usiyarudishe, ndugu yangu. Umepata kitu kingine kabisa, na kitu hicho ndicho kilichonipa manukato ninayojivunia kuliko yote niliyowahi kuchanganya.

Nilipokuwa najifunza kazi hii, mtu niliyemheshimu sana alisema mbele ya wenzangu kwamba mafuta ya majani kazi yake ni kuongezea mafuta ya kokwa ili yaonekane mengi, na kwamba mchanganyaji makini hayagusi. Wenzangu wakacheka, maana chupa yenyewe nilikuwa nimeishika mimi. Kicheko kile bado kinaniuma. Ila pua yangu ilikuwa imeshaamua. Kokwa ina joto na utamu mzito. Jani lina ubichi, harufu ya utomvu wa msonobari, ukali kidogo wa pilipili manga, na ubaridi unaokaribia kafuri. Ni kemikali za asili zilizomo ndani ya jani zinazofanya hivyo: sabineni na pineni, pamoja na terpineni-4-oli.

Mkungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na watu walivuka bahari kufuata kokwa na basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa. Jani likabaki nyuma. Hata mti dume, ambao kwa kawaida hauzai, una majani yenye mafuta ya kunukia yanayoweza kukenekwa, yaani kutolewa kwa mvuke. Mti usiozaa nao una cha kutoa, na hilo linanifurahisha kila nikilifikiria.

Basi nikayaweka mafuta ya majani pale juu, kwenye harufu inayosikika kwanza, pamoja na lavenda; chini, kwenye harufu inayobaki mwisho, nikaweka mwerezi na vetiva, mafuta ya mizizi ya nyasi. Pineni huruka upesi sana, kwa hiyo dakika za kwanza ni kama mtu amevunja tawi bichi karibu yako. Kisha ubichi unatulia juu ya vetiva, unakuwa mkavu, safi, wa kuni. Kuna mteja aliyerudi kuchukua chupa ya pili akiuliza huo mwanzo umetokana na nini. Na mmoja wa waliocheka siku ile aliniomba fomula. Sikumpa.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoanza: acheni kunusia kwenye mdomo wa chupa! Yapunguzeni hadi asilimia 10 ndani ya alkoholi, chovya kijikaratasi, kisha subiri. Nusa mara moja, nusa tena baada ya saa moja, nusa kesho yake. Na kwenye fomula anza na kidogo. Ukiona hayasikiki, ongeza kidogo. Nasisitiza, kidogo.

Usalama haujadiliwi. Mafuta haya yana safroli, na mara nyingi metili eujenoli pia, kemikali za asili zenye kikomo cha matumizi. IFRA, chombo cha kimataifa cha manukato, inataka safroli yote itokanayo na mafuta ya mimea isizidi asilimia 0.01 ya bidhaa iliyokamilika. Tuseme karatasi ya uchambuzi inaonyesha safroli asilimia 2: basi mafuta hayo yasizidi asilimia 0.5, yaani nusu gramu katika kila gramu 100 za manukato. Kiwango hubadilika toka shehena moja hadi nyingine, kwa hiyo dai karatasi ya shehena yako, siyo ya mwaka jana. Metili eujenoli ina kikomo chake, nayo ipigie hesabu. Anayeuza manukato bila kupiga hesabu hii anacheza na ngozi za watu, na sitamwonea haya kumwambia hivyo.

Kuhusu kuhifadhi: chupa ya kioo cheusi, ijae karibu na shingo, ikae penye ubaridi. Terpeni, kundi la kemikali kama pineni na sabineni, zikikutana na hewa huharibika, na mafuta yaliyoingiwa na hewa huweza kuamsha mzio wa ngozi. Yakianza kunuka kama tapentaini ya kuchanganyia rangi, usiyatie tena kwenye fomula yoyote, hata kama chupa bado ina zaidi ya nusu.