‘Ukubwa’ wa seli, ‘uzito’ wa setilaiti

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Malindi anauliza: “Klabu yetu ya sayansi inaandaa ubao wa maonyesho kwa Kiswahili. Wanafunzi wameandika: ‘Kwa darubini tuliona seli nyekundu ya damu yenye ukubwa wa mikromita 7.46, kubwa mara 400.’ Tena: ‘Setilaiti ya Uhuru yenye uzito wa kilo 141.5 ilipiga picha za nyota zinazotoa eksirei.’ Mwenzangu amekata ‘ukubwa’ na ‘uzito’ kwa kalamu nyekundu. Je, ana haki?”

Anayo, ila kalamu yake imeyaruka makosa mengine.

Tuanze na ukubwa. Seli nyekundu ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati. Kutoka ukingo hadi ukingo ni mikromita 7 hadi 8, lakini unene wake ni kama 2 tu. Yote mawili ni “ukubwa”, na msomaji hajui umetaja upi. Andikeni kipenyo. Lugha ya pwani haijawahi kukosa maneno haya: baharia wa Lamu hutia bildi kupima kina, na fundi wa majahazi hutaja urefu wa mkuku na upana wa chombo, kila kimoja kwa jina lake.

Darubini ni ya kutazamia vya mbali. Chombo cha vidogo ni hadubini. 

“Kubwa mara 400” nayo inapotosha. Kilichokuzwa ni taswira, seli imebaki vilevile. Semeni “taswira imekuzwa mara 400”, yaani lenzi ya jicho ya 10 ikizidishwa na lenzi ya chini ya 40. Hizo 400 ni za urefu; kwa eneo ni mara 160,000, kwa hiyo msibadilishe neno ovyo.

Sasa hiyo 7.46, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Shuleni kipenyo cha seli hupimwa kwa rula ndogo ya kioo iliyowekwa ndani ya lenzi ya jicho. Rula hiyo haina thamani yake yenyewe mpaka ilinganishwe na kioo kingine kinachowekwa chini ya lenzi, chenye milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikromita 10. Kwa rula ya kawaida ya milimita 10 yenye mapengo 100, ukitumia lenzi ya 40, pengo moja huwa sawa na mikromita 2.5. Seli ikijaza mapengo matatu, ni 7.5. Jicho zuri hukadiria nusu ya pengo, yaani mikromita 1.25 hivi. Hiyo 0.46 imetoka wapi basi? Imetoka kwenye kikokotoo, au kwenye wastani wa seli nyingi ambao sentensi haikuutaja. “Takriban mikromita 7.5” yatosha, na isomwe “saba nukta tano”. Wala msiandike “takriban 7.46”: takriban na tarakimu za namna hiyo havikai nyumba moja.

Kosa la kawaida hapa ni mwanafunzi kugeuza lenzi ya chini kwenda ya 10 huku akiendelea kuhesabu pengo kuwa 2.5. Kwa lenzi hiyo pengo moja ni mikromita 10, na seli haijazi hata moja.

Uzito. Sokoni “uzito wa kilo mbili” ni Kiswahili safi, na atakayemsahihisha muuza samaki atakuwa anajitafutia maneno. Katika fizikia, kilo hupima masi (wengine huandika tungamo), yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na uzito ni nguvu ya mvutano, hupimwa kwa niutoni. Uhuru ilikuwa na masi ya kilo 141.5. Ikiwa chini pale Ngomeni, karibu na Malindi, iliporushwa, uzito wake ulikuwa karibu niutoni 1,390. Ilipofika kwenye njia yake, zaidi ya kilomita 500 juu, uzito ulishuka hadi kama 1,180, masi ikabaki ileile. Mizani ya springi hupima mvutano, kwa hiyo mwezini ingeonyesha takriban sehemu moja ya sita. Mizani ya sahani mbili na mawe yake isingebadilika.

“Ilipiga picha” futeni kabisa. Uhuru haikuwa na kamera. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, huku vihesabio vyake vikihesabu miali ya eksirei kutoka kila upande uliopitiwa. Kitenzi ni ilihesabu, au ilipima. Orodha yake ya nne ilitaja vyanzo 339, na si vyote ni nyota, kwa hiyo “vyanzo vya eksirei” ni salama kuliko “nyota”.

Jambo moja hamkuliuliza, ila ubaoni litajitokeza: Uhuru “ulirushwa” au “ilirushwa” tarehe 12 Desemba 1970? Jina lilitokana na sikukuu ya siku ile, ya uhuru wa Kenya, na neno “uhuru” lenyewe huchukua u-: uhuru wa nchi ulipatikana. Lakini chombo hufuata ngeli ya kitu kilichopewa jina, na setilaiti ni i-/zi-. Ilirushwa. Jahazi likiitwa Amani, watu wa Lamu watasema Amani limetia nanga.